Kisima Nilichokitia Chumvi

Vijana wangu, mtu akikuletea kazi ya mtambo wa barafu, usianze kuuliza kompresa ni ya ukubwa gani. Uliza maji yatatoka wapi, na ni nani anayeyalinda. Mimi nilianza na kompresa. Ndiyo maana leo nimekaa mezani hapa Kayole, Nairobi, nikiangalia mlango wa friji yangu kama mtu anayesubiri mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Ndani mna makopo mawili ya maji yanayoganda. Mke wangu Kalekye amenuna, kwa sababu nilitoa nyama yake ili yapate nafasi.

Nitafika kwenye makopo hayo. Nivumilieni, mzee akitumwa dukani hupitia kwa majirani kwanza.

Nilimaliza kidato cha nne, sikupata nafasi ya kuendelea, nikaingia karakana moja ya mafriji upande wa Mukuru kwa Reuben. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba mitungi ya gesi. Aliyenifundisha ufundi alikuwa Fundi Ouma, mtu wa magharibi, mnene, mpole, asiyejua tusi lingine isipokuwa moja: "Wewe ni ndizi."

Siku moja alinituma Soko la Burma, kwenye bucha ambayo chumba chake cha baridi kilikuwa hakipoi. Nikajaza gesi, kikapoa. Wiki iliyofuata wakaniita tena, nikajaza. Mara ya tatu mwenye bucha alimpigia Ouma mwenyewe. Akaja na kopo la povu la sabuni na brashi ya kunyolea ndevu, akapaka kila kiungo cha bomba polepole, mpaka mahali pamoja povu likaanza kutokota. Akanigeukia, mikono imejaa povu.

"Mtu amekatwa na panga, wewe unamwongezea damu, unaenda nyumbani. Kidonda hujafunga. Mutua, wewe ni ndizi."

Wachinjaji walicheka mpaka wakaweka visu chini. Kwa miezi kadhaa nikipita Burma walikuwa wakiniita Ndizi. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kuongeza gesi kabla ya kutafuta tundu.

Ouma alinifundisha jambo lingine, na hili liandikeni mahali. Maji yakiganda huanzia nje kuelekea ndani, na yakiganda hayapendi mgeni. Chumvi, uchafu, rangi, vyote hufukuzwa kwenda katikati. Kwa hiyo ukitaka kujua maji fulani yana nini, usiyaonje yakiwa maji. Yagandishe, uvunje, utafute moyo wa barafu, pale palipoganda mwisho, uweke kwenye ulimi. Chumvi ambayo ulimi wako usingeiona ndani ya glasi nzima utaikuta pale imejikusanya. Ouma alionja hivyo bonge la kwanza la kila mtambo aliofunga. Hakuweka sahihi kabla ya kuonja.

Na mimi nilionja. Hilo ndilo linaloniuma. Sikukosea kwa kutojua.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita karakana ilipata kazi pwani ya kusini. Shirika moja lilitaka kuwafungia wavuvi mtambo wa barafu. Watu hao ni wachache, mji wao ni mmoja na vijiji viwili, wana lahaja yao na msikiti wao wa zamani. Jina lao silitaji, kwa sababu wakiwa wachache vile, kuwataja ni kama kuonyesha nyumba ya mtu kwa kidole. Huku kwetu ukisema mtu wa pwani, watu wanamwona mmoja tu, amekaa anakula urojo na hana haraka. Mimi nilikwenda na picha hiyo kichwani. Nikakuta watu wanaoamka kabla ya adhana, wanaojua kila jiwe chini ya maji kwa jina lake, na ambao samaki wa mtego wakitua pwani, fungu la kwanza hutengwa kwa wajane hata kabla mwenye mtego hajajua atakula nini. Ijumaa hawaendi baharini. Nyavu hushonwa, watu huoga, husali, na bahari huachwa ipumzike.

Shirika lilikuwa limewauliza wana mahitaji gani. Mzee mmoja alinieleza mwenyewe, akicheka: "Tuliomba mkunga na mabati ya chuo cha Kurani cha watoto. Wakaandika, wakaandika. Kisha mkaja nyinyi na barafu." Nilicheka naye. Nilidhani ni mzaha.

Maji matamu yalitoka kisima kimoja, na kisima hicho kilikuwa na mlinzi, mwanamke wa makamo aitwaye Bi Mwanaesha. Ulinzi aliurithi kwa mama yake. Kila siku ya mwaka wao mpya, mji unapozungushwa ng'ombe na kusomewa dua, msafara ulisimama kisimani na Bi Mwanaesha ndiye aliyefunua mfuniko. Siku za kawaida alikuwa na kanuni tatu. Bahari ikijaa, kisima hufunguliwa. Bahari ikipwa, hufungwa. Na ndoo hairuhusiwi kuzama, bali hulazwa juu ya maji, yaingie yenyewe.

"Kisima hukamuliwa kama ng'ombe," aliniambia. "Hakivutwi."

"Na bahari ikipwa kuna nini?"

"Kinalala. Ukikiamsha kinakasirika." Kisha akasoma dua yake, akafunika.

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu aliyesoma kidogo. Mimi nililelewa kanisani Machakos. Nilisikia kulala, kukasirika, dua, nikasema moyoni, haya ni mambo ya majini na mapepo. Kwa sababu maarifa yale yalikuja yamevaa kanzu ya sala, sikutazama ndani ya kanzu. Laiti Bi Mwanaesha angeniambia kwamba maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya bahari chini ya mwamba, na bahari ikipwa yanashuka, ningeitikia kama mwanafunzi. Lakini ndivyo alivyoniambia hasa. Aliyasema kwa lugha ya nyumbani kwake, basi.

Tena sisi mafundi wa bara tuna hofu moja, pampu kunyonya hewa. Ikinyonya hewa inaungua. Kwa hiyo mdomo wa bomba tunaushusha chini kabisa, karibu na sakafu ya kisima. Huku bara ni sawa. Kule nilikuwa nauweka mdomo wa bomba kwenye bahari. Nikafunga swichi ya kujiwasha yenyewe, pampu ikawa inavuta maji yakijaa, yakipwa, Ijumaa, siku zote.

Siku ya nne nilivunja bonge la barafu nikaonja moyo wake. Ulikuwa na chumvi. Siku ya tano moyo ulikuwa laini, umelowa, haugandi. Nikajua.

Kuinua bomba lile kungenichukua nusu saa. Spana mbili na kamba. Lakini kuliinua kungepunguza maji, na wageni wa kufungua mtambo walikuwa wanakuja baada ya siku mbili, na makasha ya barafu yalitakiwa yajae. Nilimweleza msimamizi wa kazi. Hakuinua hata macho. "Mutua, mtambo unagandisha au haugandishi?"

"Unagandisha."

"Basi weka sahihi."

Fomu ilikuwa na mstari ulioandikwa "Hali ya maji". Niliandika "Yanafaa". Msimamizi hakunishika mkono. Niliandika mimi.

Asubuhi ya siku ya kuondoka Bi Mwanaesha aliniletea chai ya maziwa aliyoipika kwa maji ya kisima, akasimama mbele yangu nikinywa. Maziwa yalikuwa yamekatikakatika na chai ina chumvi ya wazi.

"Vipi chai, fundi?"

"Tamu, mama. Ahsante sana."

Alichukua kikombe, akatazama ndani, akanitazama. "Alhamdulillahi," akasema. Nikapanda gari.

Habari za baadaye nilizipata kwa dereva aliyetupeleka, tulipokutana Burma kwenye nyama choma. Alinisimulia huku akitafuna. Kisima kilikuwa kimegeuka chumvi kabisa. Mtambo ulizimwa kabla ya miezi miwili, chumvi ikala mabomba. Wanawake walikuwa wanavuka kwa mtumbwi kwenda kuteka maji kijiji cha ng'ambo. Na kwa kuwa pampu ilizimwa na chumvi haikuondoka, watu walitafuta sababu nyingine. Wakasema dua ya Bi Mwanaesha imekataliwa, kwamba ana kosa alilolificha. Kazi ya kufunua mfuniko siku ya mwaka wakampa mtu mwingine.

"Mbona huli?" dereva akaniuliza.

Ningeweza kwenda. Ningeweza hata kuandika barua. Mistari mitatu ingetosha: kosa ni la bomba, si la mwanamke. Sikuandika. Nilijiambia nitaandika watoto wakimaliza shule, kisha nitaandika nikistaafu. Nilistaafu nikaanza kuwafundisha ninyi kuchomelea mabomba ya shaba kwenye veranda hii, na katika masomo yote hayo, mtambo ule sikuutaja hata mara moja.

Sasa nifike kwa Nduku. Wengi mnamjua, yule dada aliyewashinda wavulana wote kutafuta tundu la gesi. Mwezi uliopita aliingia hapa akiruka.

"Niaje, mwalimu! Nimeshika kazi. Aki, we fikiria, mimi ndio fundi mkuu."

"Wapi?"

"Coast. Mtambo wa barafu, unatumia jua. Hakuna stima, hakuna jenereta. Na wavuvi wameomba wenyewe, vijana wao wamechoka kuuza samaki kwa bei ya kutupa."

Akautaja mji. Nikamwomba arudie. Akarudia.

Nilimfundisha siku nzima. Namna ya kukinga koili na upepo wa chumvi, skrubu za aina gani zisishike kutu, jinsi ya kuweka feni isipigwe na mchanga. Aliandika kurasa na kurasa. Akauliza, "Na maji?"

"Yapo," nikasema. "Kuna kisima. Nasikia kimepona."

Hilo tu. Mvua za miaka mingi zilikuwa zimekiosha, nilisikia hivyo kwa wafanyabiashara wa samaki. Kisima kimepona bila msaada wangu, na mimi namtuma mwanafunzi wangu bora akakiue mara ya pili, kwa sababu naona haya kumwambia nilikiua mara ya kwanza.

Aliondoka Jumatatu. Jumanne sikula. Jumatano nilikwenda kununua sukari, nikarudi na chumvi. Kalekye akaniuliza kama ni presha. Nilihesabu: leo wanamwaga zege, kesho wanafunga paneli, keshokutwa wanashusha bomba. Na Nduku angelishusha chini kabisa, karibu na sakafu. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Asubuhi ya Alhamisi nilishika simu ili nimpigie, ikalia mkononi mwangu. Ni yeye.

"Mwalimu, kuna shida. Huyu mama amekalia kisima."

"Amekalia vipi?"

"Amekalia! Ameweka kiti juu ya mfuniko, amekaa, anasuka ukili wa mkeka. Bosi anabembeleza, wazee wanabembeleza, zii, hatoki. Ati anauliza sisi mafundi wa Nairobi tunajuana? Ati kulikuwa na mmoja wa zamani, anataka kujua kama yuko hai."

Nilikaa kitandani. "Nduku, mpe simu."

Nikasikia upepo, kuku, kisha pumzi ya mtu mzee.

"Nani?"

"Shikamoo, mama. Ni Mutua. Fundi wa barafu wa zamani."

"Yule wa chai?"

"Ndiye, mama."

"Hujafa?"

"Bado."

"Haya. Sema."

Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa miaka ishirini na yote yalinikimbia. Nikasema yaliyobaki. "Mama, kisima hakikuharibika kwa sababu ya dua yako. Ni bomba langu. Nililishusha chini, likavuta maji ya bahari. Nilijua kabla sijaondoka. Nilionja."

"Ulionja."

"Nilionja, mama."

"Mimi nafunga Jumatatu na Alhamisi tangu mwaka ule," akasema. "Leo nimefunga. Namwomba Mungu anisamehe kosa nisilolijua. Kumbe kosa lina jina, lina namba ya simu, liko Nairobi linakunywa chai yake."

"Nisamehe, mama."

"Hilo tutaona. Kwanza wewe binti, ongeza sauti ya simu hii. Wazee sogeeni. Haya, fundi, sema tena."

Nikasema tena. Sauti ya mwanamume, naambiwa ni ya imamu wao, ikasema, "Rudia, bwana, sauti inakatika." Nikarudia. Nduku aliniambia baadaye kwamba sauti haikuwa inakatika hata kidogo.

Kisha nikamweleza Nduku kazi, mbele ya wote. Mdomo wa bomba uning'inizwe kwenye boya, unywe juu juu, kina cha kiganja. Swichi ya kujiwasha itolewe. Pampu ifanye kazi bahari inapojaa tu, na mwenye kuamua kujaa ni Bi Mwanaesha, si saa ya mtu. Bosi wake akasema barafu itapungua nusu. Nikasikia Bi Mwanaesha akimjibu, "Nusu ya barafu tutaila. Kisima kizima cha chumvi utakinywa wewe?"

Kisha akaniuliza mimi. "Na Ijumaa?"

"Ijumaa pampu ilale, mama."

Kiti kikakwaruza juu ya mfuniko. Alikuwa amesimama.

Siwezi kuwaambia kwamba nililala vizuri baada ya hapo. Boya linaweza kukwama, na kijana anaweza kuwasha pampu wakati usiofaa kwa sababu mnunuzi amefika na lori. Nilimwambia Nduku aniletee maji ya aina mbili: chupa moja iliyotekwa kabla pampu haijawashwa, nyingine baada ya siku saba za kuvuta, bamvua ikiwa kali, bahari inapopwa mbali kuliko siku zote. Zilifika jana kwa basi, zimefungwa kwenye gazeti, moja imeandikwa Kabla, nyingine Baada.

Niliyaonja yakiwa maji. Sikupata kitu. Ulimi wangu ni wa mtu mwenye ugonjwa wa sukari na miaka sabini, siuamini tena. Nikayamimina kwenye makopo mawili ya siagi, nikatoa nyama ya Kalekye, nikafunga mlango. Leo saa nne asubuhi stima ikapotea mtaa mzima. Nikazunguka nyumba. Ikarudi saa sita. Ndipo nikaanza kuwaandikia haya, nisije nikaufungua mlango kila dakika.

Makopo nimeyatoa sasa hivi. Nimeyavunja kwa nyundo ndani ya taulo, nikachukua moyo wa kila bonge, nikaweka kwenye vijiko viwili. Nimemwita Kalekye.

"Onja hiki."

"Ni nini?"

"We onja tu. Kisha hiki."

Akaonja kile cha Kabla. Akaonja kile cha Baada. Akanitazama kama anayepima homa kwa macho.

"Mutua, ni maji."

"Yote mawili?"

"Ni maji tu! Kwani ulitaka yawe nini? Na nyama yangu imeyeyuka."

Nimekaa kidogo. Nyama nimeirudisha. Kisha nikampigia Nduku, akampa Bi Mwanaesha simu, nikaanza kumweleza mambo ya barafu na moyo wake, namna chumvi inavyofukuzwa katikati, na kwamba moyo wa Baada hauna kitu, bomba linakunywa juu.

Akaniacha nimalize.

"Fundi, wewe uko Nairobi unavunja barafu kwa nyundo. Leo ni Alhamisi, na sijafunga. Mimi nimekunywa chai asubuhi."

"Ilikuwaje, mama?"

"Njoo uonje," akasema. "Na mara hii useme kweli."

Basi la kwenda pwani ni la kesho asubuhi. Masomo ya veranda yataendelea nikirudi. Kalekye ananipangia shati, anauliza ni safari ya harusi au ya matanga.